Chupa Zilizojaa Hadi Shingoni

Jumatano, mwezi wa tatu, mwaka wa sita wa vita. Alfajiri manyunyu, halafu jua la kuchoma, halafu manyunyu tena, kama mgeni asiyejua akae au aage.

Ndivyo nilivyoandika katika daftari langu siku ile, na ninanakili kama lilivyo, ingawa sasa nina shaka na hilo "jua la kuchoma". Huenda lilikuwa jua la kawaida na kuchomeka nikachomeka mimi. Naomba msamaha mapema. Chuoni nilisoma juzuu chache, kwa mapadri nikasoma madarasa mawili, la tatu nikaishia mlangoni. Mambo ya figo na protini nitakayoyaeleza nilifundishwa na mtu aliyeyajua vizuri, kwa hiyo kosa likionekana ni langu, si lake.

Mtu huyo alikuwa mwanamke wa Kireno, mwembamba, mvuta sigara, ambaye mji mzima ulimwita Dotora. Hakuwa daktari wa kutibu, na jambo hilo halikutuingia akilini. Watu walimpelekea majipu, meno na watoto wenye minyoo, naye akawaambia kwa upole kwamba yeye ni mtu wa kemia ya mwili, na katika mwili wote, kazi yake ni figo.

"Sasa asiyeumwa figo afe?" aliuliza mama yangu. Lakini aliuliza nyumbani, si mbele yake. Haki yake Dotora, majipu aliyapa dawa ya kupaka.

Kazi yake aliifanya tangu ujana, na ilikuwa moja tu. Kwao Lisboa, alinieleza, kulikuwa na mashine ya kuosha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Damu inapita ndani ya mrija wa ngozi nyembamba, nje ya mrija kuna maji, na uchafu wa damu unapenya kwenda majini. Uzuri mtupu. Ila kuna uchafu mwingine, na dawa nyingine, hazitoki hata uoshe mchana kutwa, kwa sababu zimeng'ang'ania protini, na protini ni kubwa, haipenyi.

"Zimeng'ang'ania vipi?" niliuliza.

Alijaribu kwa Kireno, akajaribu kwa Kiswahili chake cha miezi minane, akachora vidude. Nikaona aibu kumwacha ahangaike. Nikasema, "Labda ni kama wanawake wa harusini, Dotora. Mlango wa nyumba ni mwembamba. Aliyesimama anapita. Aliyekalia jamvi akakataa kuinuka hapiti, maana jamvi zima halipiti mlangoni."

Akanitazama mpaka sigara ikamwunguza kidole. Kisha akaandika. Tangu siku ile tukaiita kazi ya jamvi. Swali la maisha yake lilikuwa hilo: nani kakaa jamvini, kakaa kwa nguvu gani, na utamwinuaje.

Kwa nini jibu alilifuata pwani kwetu, kusini ya Ruvuma, katikati ya vita vya kuwatoa Wareno? Alisema mkuu wake wa kazi alimchoka akamsukuma mbali. Hayo ni maneno yake. Mkuu mwenyewe sikupata kumsikia, na inawezekana naye alikuwa na lake la kusema.

Mimi niliingia kazini kwa mlango wa utumbo. Ile ngozi nyembamba ya mrija ilikuwa ije kwa barabara ya Awasse, na barabara ilikuwa imetegwa mabomu. Malori ya jeshi yalifika mara mbili. Mara ya kwanza yalileta mvinyo, mara ya pili yakaleta mvinyo. Dotora akaenda sokoni kuuliza nani anajua kuosha utumbo wa mbuzi kuliko wote, na watu, bila hata kutazamana, wakanyoosha vidole nyumbani kwetu. Mama aliona ni tusi. Kabla ya vita alikuwa akiuza supu ya utumbo, na alidhani watu wameshasahau. Nikaenda mimi, ambaye alinifundisha.

Utumbo wa kupika unaugeuza, unausugua kwa chumvi na majivu, unamaliza. Utumbo wa Dotora niliukwangua kwa mgongo wa kisu mpaka nyama yote ikatoka, ikabaki ngozi ambayo ukiilaza juu ya maandishi unayasoma. Najua kwa sababu niliilaza juu ya daftari hili. Ukurasa ule unanuka mpaka leo. Tukishaukausha kidogo tulifunga ncha moja kwa uzi, tukatia ute wa mayai na dawa, tukafunga ncha ya pili, tukauzamisha ndani ya jagi la maji ya chumvi. Dotora alisema ute wa yai ni ndugu wa protini ya damu. Ute ulikuwa wake. Viini, kwa kuwa sayansi haikuvihitaji, vilikuja kwetu. Mama, mimi na binti zangu wawili tulikula viini mpaka mama akasema anasikia manyoya yanamwota mgongoni.

Sasa lazima niseme kilichonifunga pale, maana bila hilo mambo ya Jumatano hayana uzito. Jeshi la Wareno lilikuwa limetukusanya ndani ya waya, na kutoka getini ulitakiwa uwe na guia, karatasi ya ruhusa yenye muhuri. Shamba langu la muhogo lilikuwa nje, njia ya kwenda Kionga, mwendo wa nusu saa. Wengi waliacha mashamba yao yaliwe na nguruwe, wao wakala unga wa posho, ambao ulikuwa na wadudu wake wazito. Mimi nilikuwa na guia kwa sababu nilikuwa mfanyakazi wa maabara. Maabara ikifungwa, guia imekufa, na muhogo nao. Mume wangu alikuwa amevukia kivuko cha Nyika kwenda ng'ambo ya Ruvuma, kwa wapigania uhuru. Maofisa wakiniuliza, nilisema anavua Mikindani. Nasikia kuna siku alivua kweli, kwa hiyo haukuwa uongo wote.

Na maabara ilikuwa inaning'inia. Kapitao wa kambi alikitaka kile chumba kiwe baa ya masajini. Alikuwa amemwambia Dotora, kwa adabu, hilo siwezi kulificha, kwamba Alhamisi ndege inakuja. Ripoti ya maana ikipanda ndege, maabara inabaki. Isipopanda, apande yeye.

Ripoti ilikuwepo. Kurasa arobaini. Ilihusu mkojo.

Dotora alikuwa amechagua wanawake kumi na wawili, mama yangu mmoja wao. Kila Jumanne walimeza kidonge cha njano cha malaria, kile cha zamani kilichobaki katika stoo ya jeshi, halafu kila mmoja akapewa chupa ya mvinyo iliyooshwa, ya lita mbili. Mkojo wote wa mchana na usiku ulitakiwa uingie humo, bila kumwagwa hata tone. Njano ikitoka upesi, haikukalia jamvi. Ikichelewa, imekaa. Mimi ndiye niliyewaeleza kwa Kiswahili. Niliwaambia "wote", na niliwaambia "hata tone". Nimejihoji mara nyingi kama niliwaambia vingine vilivyohitajika. Sidhani.

Chupa zilirudi zimejaa hadi shingoni. Kumi na mbili, wiki ya kwanza. Kumi na mbili, wiki ya pili. Dotora aliweka rula, akashangaa, akaandika. Kwa joto lile, alisema, mtu angetoa nusu ya hapo, tena kwa bahati. Ni maji mnayokunywa? Ni samaki? Ni damu yenu? Wiki ya tatu alitia kwenye mkojo dawa yake ya buluu ya kupima sukari, akachemsha, ikageuka rangi ya tofali. Chupa kumi na mbili, zote tofali.

"Masikini," alisema, mkono mdomoni. "Wote wana sukari!"

Haki yake, alihuzunika kwanza, akafurahi baadaye. Siku ile ile aliwapiga marufuku wote kumi na wawili sukari, asali na halua. Mama yangu, ambaye chai yake ilikuwa uji wa sukari, alinywa chai chungu wiki mbili, akinitazama juu ya kikombe kama mimi ndiye niliyemwekea ugonjwa.

Basi Jumatano ile, katikati ya manyunyu, nikatoka kukusanya chupa za mwisho. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mmoja wa wale kumi na wawili, alikuwa amechuchumaa uani amenipa mgongo. Chupa ya mvinyo mbele yake, faneli mdomoni mwa chupa, na mkononi dafu lililofunguliwa. Alikuwa anamimina polepole, ulimi nje, kama mtu anayetia mafuta kwenye taa.

"Shoga! Unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Najaza."

"Unajaza nini?"

"Wewe huoni? Chupa ilikuwa nusu."

"Si ndiyo mkojo wako wote?"

"Ndiyo wangu wote, sina mwingine. Sasa nimrudishie mtoto wa watu chupa nusu? Atakwenda kwao aseme pwani hakuna watu."

"Shoga, ule si mchuzi. Ni mkojo!"

"Ndiyo maana nimetia dafu," akasema, akipangusa shingo ya chupa kwa upindo wa kanga. "Mkojo mtupu nani anampelekea mgeni?"

Hapo nikaelewa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani ya bokoboko unairudisha na kitu, ukikosa kabisa unatia chumvi au ndimu mbili. Nusu ni karibu na kitupu. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Kama nami ningekuwa miongoni mwa wale kumi na wawili, siwezi kuapa kwamba nisingetafuta dafu.

"Na wenzako?"

"Wote. Tulikubaliana wiki ya kwanza. Aliyeleta shauri ni mama yako."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe? Wewe ukiokota kitunguu unatafuta mwenyewe mitaa mitatu."

Mama nilimkuta kitandani anasuka ukili. Chupa yake ilikuwa mlangoni, imejaa, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nilipoiinua, ndani nikaona kipande cha nyama ya dafu kinaelea, cheupe, kinazunguka bila haraka.

"Mama. Wiki mbili umekunywa chai chungu."

"Nimekunywa."

"Kwa ugonjwa ambao hunao."

"Ningesema nini, mwanangu? Nimwambie mgeni zawadi yetu ni ya kughushi?" Akavuta ukili. "Tena ukiwa na akili ya muhogo wako, nawe utanyamaza. Kesho karatasi inapanda ndege, keshokutwa sisi tunachimba muhogo. Nani kaumia?"

Nilikaa chini kizingitini nikafikiri nani kaumia. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Shamba nililiona kabisa, na nguruwe ndani yake. Na nikamwona mtu mwingine nisiyemjua, kalala huko Lisboa kando ya mashine, damu yake inazunguka katika mrija, na daktari wake kashika kurasa arobaini anasoma: figo hufanya hivi, dawa hutoka hivi. Atapimiwa dawa kwa dafu la mama yangu.

Nikajitwisha chupa zangu nikaenda.

Dotora alikuwa mezani anapiga taipu ukurasa wa mwisho, sigara mbili zinaungua kwa pamoja.

"Dotora, kuna nazi," nikasema.

"Asante, weka hapo."

"Hapana. Kuna nazi ndani ya chupa."

Nikamweleza. Dafu, faneli, sahani ya bokoboko, chumvi na ndimu mbili. Nilitaka ajue kwamba walifanya kwa heshima, kwa hiyo desturi niliieleza mara mbili, labda tatu. Aliinuka, akachungulia chupa ya mama, akakiona kile kipande kinazunguka. Akanituma dafu. Akatia maji ya dafu katika dawa ya buluu, akachemsha. Tofali.

Hapa ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama yangu, ambaye alinifuata akasimama dirishani, anasema alikuwa analia. Nimeandika yote mawili.

"Wiki ngapi?" aliuliza kutoka chini.

"Tangu ya kwanza, Dotora."

"Zote?"

"Zote. Ya mama zaidi."

"Unajua nisipokuwa na ripoti wananifungia?"

"Najua."

"Na guia yako?"

"Nayo."

"Basi kwa nini, dada?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita dada. Nikamweleza habari ya yule mtu aliyelala kwenye mashine. Nikasema hakunikosea kitu.

"Anaweza kuwa baba yake Kapitao."

Sikujibu mara moja. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. "Hata akiwa baba yake Kapitao," nikasema mwishowe.

Akazichukua zile kurasa arobaini, akazipanga vizuri kingo kwa kingo, akazitia kwenye ndoo ya takataka. Kisha akasema, "Majagi tumeyatazama leo?"

Hatukuwa tumeyatazama. Tangu jana kulikuwa na majagi mawili dirishani, kila moja na utumbo wake ndani. Utumbo wa kwanza ulikuwa na maji na dawa ya njano tu. Wa pili, dawa kiasi kile kile, pamoja na ute wa mayai tisa. Mara zote za nyuma utumbo ulivuja, au paka aliwahi, na mara moja Kapitao aliukuta umeanikwa kwenye kamba karibu na blauzi za Dotora akauliza kama ni waya wa kupelekea habari ng'ambo. Huu wa sasa niliukwangua siku mbili. Jagi la kwanza maji yote yalikuwa njano kama manjano ya biriani. Jagi la pili maji yalikuwa meupe, karibu meupe kabisa, na utumbo ndani yake umevimba njano tupu. Hakuna tone lililovuja.

"Jamvini," nikasema.

"Jamvini," akasema Dotora. "Wote wamekaa."

Akaandika kurasa mbili. Mbili tu, lakini hakukuwa na nazi ndani yake. Aliandika kwamba ngozi ilitengenezwa na mtaalamu wa hapa. Nilimwambia "mtaalamu" ni kubwa mno, aandike mwosha utumbo. Akakataa. Mama akasema dirishani, "Andika nani alimfundisha." Hilo halikuandikwa, na naona hapo mama alionewa kidogo.

Kapitao alikuja alasiri, akasoma zile kurasa mbili, akahesabu mara mbili kama vile zingeongezeka. Alisema, tena kwa adabu, kwamba kurasa mbili hazibakizi maabara. Dotora atapanda ndege kesho na majagi yake. Masajini walikwisha kuja kupima mahali pa kuweka kaunta.

Alipotoka, Dotora akachomeka kwenye taipu karatasi yenye muhuri, ya mwisho katika droo. Aliandika guia. Pale penye muda wa ruhusa akaandika: mpaka utafiti utakapokamilika.

"Lakini Dotora," nikasema, "utafiti si umekwisha?"

Mama alijipiga paji la uso dirishani, nikasikia.

"Umekwisha? Tumejua wamekaa jamvini. Utawainuaje, tumejua?"

"Hatujajua."

"Mimi natafuta tangu nikiwa binti. Sijajua. Basi haujakamilika. Uongo uko wapi?"

Niliugeuza upande huu na upande ule. Haukuwa uongo, lakini ulikuwa umesimama karibu nao. Nikamwomba basi anipe kazi ya kweli, ili karatasi isiwe tupu. Akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au uchovu. Kisha akanipa mkebe wa vidonge vya njano na majagi mawili ya akiba, akanielekeza: kila wiki utumbo mmoja, ute wa mayai, kidonge kimoja, na humo nitie kitu kimoja kingine nione kama njano itainuka: ndimu, siki, chumvi, nitakacho. Niandike. Nikamwuliza niandike hata kisipotokea kitu. Akasema hasa hapo.

Niliandika. Ninazo karatasi. Ndimu iligandisha ute ukawa kama jibini. Siki vivyo hivyo. Chumvi sina hakika nayo, kwa sababu wiki ile paka aliwahi. Kila asubuhi sipai, yule askari wa getini, alishika guia, akasoma ule mstari kwa kidole, akauliza, "Utafiti umekamilika?" Nikamjibu, "Bado." Alikuwa Mmakonde wa bara, mtu mzuri, mwenye shamba lake mwenyewe lililobaki huko juu bila mwenyewe. Aliuliza mpaka vita vikaisha, nami nikajibu hivyo hivyo mpaka vita vikaisha, na hata mara moja sikumdanganya.

Lakini nilikuwa nasimulia Jumatano. Geti lilikuwa bado wazi. Nilitoka na guia mpya ikiwa na wino mbichi, nikachimba muhogo mashina mawili, nikarudi na manyunyu. Jioni tulikula muhogo wa kuchemsha na viini tisa vya mayai vilivyoungwa kwa tui la nazi. Binti zangu waligombania ukoko wa sufuria, mama akajitilia sukari kwenye chai, vijiko vinne. Yeye anasema vitatu.